Risasi Ulizomtumia Baba

Karakana ya Bunduki,
S.L.P. 114.
9 Julai 1988.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hali yako huko? Wifi je, na watoto? Kile kikohozi cha mdogo kimekwisha? Huku hatujambo. Baba anakula vizuri, ila kijiko hukosa mdomo mara moja moja, akachafua shati nililolifua asubuhi.

Umeniuliza kama zile risasi mpya ulizomtumia kutoka dukani kwako zina ubaya. Hazina. Nimekulia kwenye meza ya baba nikijaza baruti, kwa hiyo sikubabaishi. Zake za zamani ni nzito, kichwa butu, zinakwenda taratibu, na ukipita hatua mia mbili zinaanza kushuka. Lakini nguruwe akipigwa nazo hulala palepale, na nyama haiharibiki. Zako zina ncha kali, zinanyooka mbali, wala bega halichubuki. Kwenye bunduki iliyotengenezewa risasi hizo, ningezichagua hata mimi.

Wewe ulitazama unene wa risasi tu. Kweli, ganda liliingia bila kusukumwa na komeo la bunduki likafunga. Lakini bunduki ile imemzidi baba mwenyewe umri, na baruti ya siku hizi inasukuma maradufu. Muuza risasi mzima, hukuuliza hata ni ya mwaka gani! Ukaona bora uandike kwamba risasi za baba zimebaki za kuwekwa makumbusho, ukamcheka karatasi nzima.

Nilimwambia asijaribu. Akanijibu, "Mwanangu anauza vitu hivi. Hawezi kunitumia cha kunidhuru." Akatoka nyuma ya karakana, akalenga debe, komeo likamrudia usoni. Jicho moja liliishia palepale. La pili daktari alilitoa kesho yake.

Sasa hizo barua zako tatu za kuomba radhi. Zimefika zote, usiwalaumu watu wa posta. Unajua anayemsomea baba ni mimi. Ya kwanza nilimsomea kwamba umenunua makochi. Ya pili, kwamba biashara inakwenda vizuri na kosa ni la bunduki yake mbovu. Ya tatu, kwamba mzee akiwa mbishi hujitakia mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono magotini, anasubiri nifike kwenye neno la kuomba msamaha. Nikakunja karatasi, nikamwambia imeishia hapo.

Usihangaike kumwandikia mama mdogo, hajui kusoma. Ataniletea mimi.

Miezi minane nimemlisha, nimemwogesha, nimemshika mkono kumpeleka chooni, na wewe unatuma karatasi. Inaniuma, kaka, na ninataka ikuume na wewe. Mwanzoni kila siku alikuwa ananiuliza kama umeandika. Siku hizi haulizi tena, na nyumba imetulia.

Juzi aliniita, akaniambia nichukue kalamu. Alisema hivi: "Mwambie asije. Hata nikifa, asije." Maneno yake mimi sibadilishi, nimekuandikia kama yalivyomtoka.

Nisalimie wifi na uwabusu wanangu. Mama mdogo anakukumbuka sana, na fundi wa jirani pia anakuulizia. Mungu akulindie macho yako yote mawili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata hivyo.