Kitambaa cha Mwalimu Mkuu

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo mwanangu? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yananung'unika kila nikipanda ngazi za shule. Kikohozi chako kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa chai?

Nina ombi. Mwalimu mkuu anataka maabara yetu, ileile uliyosomea wewe, iwe stoo ya viti vya ziada. Anasema wanafunzi wanaikimbia sayansi, na hasemi uongo. Mwanasayansi wanayemjua ni yule mzee wa nywele timtim kwenye jalada la kitabu. Amenipa mpaka mwisho wa muhula nimwonyeshe darasa linaloitaka maabara. Sasa wewe unalipwa mshahara kwa kufuga vijidudu. Njoo wakuone, wajue mtafiti ni mtu kama wao.

Shangazi yako

27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini magoti yametulia. Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa.

Siachi kuliwaza lile darasa. Wenye mikono michafu waligusa ile rojo ya kuoteshea vijidudu kwenye visahani, walionawa kwa sabuni nao wakagusa vyao, tukavifunika na kuviweka penye joto. Niliporudi kuvitazama pamoja nao, visahani vya walionawa ndivyo vilivyojaa madoa ya vijidudu! Na cha mwalimu mkuu, aliyenawa mbele ya wote kwa mbwembwe, kikashinda vyote. Darasa likaangua kicheko, naye akanuna: "Sayansi yenyewe ndiyo hii?"

Jaribio hili nimelifanya kazini miaka yote, halijawahi kunigeuka. Nimekuharibia, Shangazi. Nilikuja kuiokoa maabara, nimeifunga kwa mkono wangu. Tafuta mtafiti mwingine, mimi sirudi.

Mpwa wako

21 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Unaendeleaje? Unakula? Mimi leo hata magoti siyasikii.

Nilinyamaza makusudi. Darasa liliniapisha nisikwambie kitu mpaka wawe na uhakika.

Ulipoondoka, yule binti tunayemwita Kwanini, maana kila mwalimu ameshamtoa nje kwa maswali, alisimama. "Mwalimu, mtafiti alisema jibu likikataa, turudi kwenye hatua. Tulionawa tulifanya nini ambacho wachafu hawakufanya?" Mwenzake akanyoosha kidole mlangoni: kitambaa cha mwalimu mkuu! Alikitundika mwenyewe, na shule nzima inajifutia hapohapo. Kazini kwenu mnajikausha kwa karatasi na kuitupa, ndiyo maana hata hukukiona.

Wakarudia. Walionawa na kukausha mikono kwa hewa, visahani vyao vikabaki karibu safi. Waliojifuta, madoa tele. Kitambaa chenyewe walipokigusisha kwenye rojo, sikwambii, liliota shamba la masika. Wakarudia tena, saa za mapumziko, bila kuitwa na mtu. Mimi nilichoka, wao wapi!

Kwanini akambebea mwalimu mkuu visahani mpaka ofisini, mimi nyuma yake. Akavitazama, akavigeuza, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

"Mikono yako safi, mwalimu. Kitambaa chako ndicho kichafu."

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikubali: alikwenda kukitungua mwenyewe, amekishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Jaribio lingefanikiwa siku ile, wangepiga makofi na kwenda kucheza mpira. Sasa walioomba sayansi hawaenei. Vile viti vya ziada vimeingia maabara kama mwalimu mkuu alivyotaka, ila vyote vina watu. Nimefurahi mpaka nimelia mbele yao, wakaniuliza kwa nini.

Wanakutaka urudi.

Shangazi yako

25 Machi

Shikamoo Shangazi yangu,

Sijambo, sijambo kabisa! Barua yako nimewasomea wenzangu kazini na wamepiga makofi. Kisha mkuu wetu akainuka kimya kwenda kukagua kitambaa cha jikoni.

Nakuja Jumatatu. Mwambie Kwanini aandae maswali, na mengine nitamuuliza mimi. Usihangaike kunitafutia kiti. Nitasimama.

Mpwa wako