Salamu kwa Wapiga Pasi

3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti halikutesi sana na baridi hii. Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Kwenye mkataba imeandikwa karani wa utumishi. Kwa kweli mimi ndiye ninayetumwa kuwaambia watu kwamba kazi imekwisha. Kiwanda chetu kinafua mashuka ya hoteli na hospitali, na tangu mteja mkubwa ajitoe, watu wanapunguzwa. Bosi hashuki chini kabisa. Ananiita, ananitajia jina, anasema, "Kamalizane naye." Nami nashuka ngazi.

Siku hizi nikitokea mlangoni mazungumzo yanakatika. Wamenibatiza jina: Kwaheri. Juzi nilimsikia mmoja akinong'ona, "Jikunjeni, Kwaheri anapita," wenzake wakacheka, nami nikajifanya kiziwi.

Nawaogopa wao, na yeye namwogopa zaidi. Wewe uliwasimamia wafagizi wa hospitali miaka mingi na hadi leo wanakuja kukujulia hali. Ulifanyaje?

Binti wa kaka yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Wewe kula kwanza, woga na njaa havikai tumbo moja.

Kosa lako naliona. Unashuka ukiwa na habari mbaya tu, hata mimi ningekukimbia. Shuka siku ambayo hukutumwa. Salimia, ulizia watoto, ondoka. Rudia hivyo mpaka waizoee sura yako bila kushtuka. Anza na aliye karibu na mlango, na usitembee kama askari.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Samahani sikuulizi hali kwa kirefu.

Nilifanya ulivyosema. Aliye karibu na mlango ni Mama Pacha, anayelisha mashuka kwenye ile mashine ya kunyoosha yenye roli za moto. Nilimjia kwa nyuma, nikamgusa bega, nikatabasamu. "Watoto hawajambo?"

Aligeuka. Alipoona ni mimi, uso ulimbadilika kama mtu aliyesomewa hukumu. Mkono wake ukaendelea mbele pamoja na shuka.

Mwenzake aliizima mashine. Walipokuwa wanambeba hakulalamikia mkono. Alikuwa ananitazama mimi, akisema, "Dada, usinifukuze. Nakuomba, usinifukuze."

Bosi ameniita asubuhi hii. Amesema mtu wa mkono mmoja hana pa kumweka. Anataka nimalizane naye huko huko wodini kabla ya mwisho wa wiki. Nijibu upesi, tafadhali.

Binti wa kaka yako

31 Machi

Mwanangu,

Ushauri ulikuwa wangu, nami niliutoa nikiwa nimekaa kitini, mbali na mashine yoyote. Mimi niliwasalimia watu wangu kabla sijamwondoa hata mmoja. Wewe nimekuanzishia mwishoni. Nisamehe.

Sasa mwambie bosi aende mwenyewe. Akikataa, nenda, lakini mweleze mama huyo mapema, kabla hujamuulizia hali. Mwambie pia kwamba fidia ya mkono ni haki yake. Usimwachie tumaini ambalo halipo. Kisha kaa naye, hata akikutukana.

Shangazi yako

8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika nikiwa nimeshakwenda. Bosi sikumwambia kitu.

Mama Pacha aliniona tangu nikiwa mlangoni mwa wodi. Akauficha mkono wenye bendeji chini ya blanketi. Kabla sijafungua kinywa alisema, "Mwambie bosi napona. Hata kukunja mashuka kwa huu mwingine nitaweza."

Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nimeyakariri njiani. Nikasema, "Nimekuja kukusalimia tu."

Akalia kwa furaha. "Kumbe wewe dada tulikuwa tunakuonea bure."

Kwa bosi nilisema nimeshamalizana naye. Nilifikiri angekaa hospitali muda mrefu, nami ningepata siku nyingine ya kumwambia. Jumatatu alikuja kazini amevaa sare, wenzake wakimpigia makofi kutoka madirishani. Mlinzi hakumfungulia geti, alikuwa ameshapewa amri. Nilimsikia Mama Pacha akisema, "Kamuulizeni yule binti wa juu. Ndiye aliyekuja kuniona."

Nilikuwa dirishani. Sikushuka.

Leo bosi amenisifu. Amesema nimekomaa, na kwamba mwezi ujao huenda akanikabidhi ofisi nzima ya utumishi.

Binti wa kaka yako

14 Aprili

Nenda kwake. Usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimekwenda.

Anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Mapacha walikuwa wanafua sare za shule nje. Alinikaribisha, akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, taratibu, hakutaka nimsaidie.

Nilimweleza yote. Kwamba kazi hana, kwamba fidia anastahili na nitamjazia fomu mimi mwenyewe, hata bosi akinifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Kisha akauliza, "Siku ile wodini, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Alinyanyua kikombe kilichokuwa mbele yangu, bado kimejaa, akakimwaga nje. Akaniambia watoto wanakaribia kuingia ndani, hataki wanikute bado nimekaa.

Binti wa kaka yako