Wali Wanakohoa na Madirisha Yamezibwa

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana hapa Newala nimebanwa huku na huku na sina wa kumwambia. Binti yangu Ziada ameingia unyago mwezi huu wa baridi, wako wali sita chumba kimoja nyumbani kwa wifi yangu, Mama Pili, ambaye ndiye somo wao, anayewafunda, na kwa desturi yetu mwali haonekani mpaka siku ya kutolewa, basi madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho na kanga juu yake, hata mwanga haupenyi, na mafua yalipompata mmoja yakawapata wote, na Ziada wangu ana pumu tangu mdogo, akikohoa namsikia mpaka uani, roho inaniuma jamani. Nikamwomba wifi tufungue kidogo, akaniambia, "Mama Ziada, tangu lini mwali akapigwa upepo? Unataka wapita njia wamchungulie?" Shemeji yangu Ashiru akaja na taa kutoka Dar es Salaam, ile ya mionzi ya kuua virusi, akasema ukiwasha hii huna haja ya dirisha, wifi akafurahi, wakaining'iniza ukutani, wali wakakaa chini yake mchana kutwa, na leo wote macho mekundu, yanachoma kama yametiwa mchanga, nyuso zimewaiva, na sasa wifi anasema kuna mzazi kavunja mwiko na ananitazama mimi. Mume wangu yuko Masasi, nikimpigia ananiambia nisimvunjie dada yake heshima. Nikimtoa Ziada kabla ya siku yake nitauaibisha ukoo mzima, nikimwacha naogopa nitamzika. Nifanyeje?

Mama Ziada, Newala

Severina anajibu:

Marahaba, Mama Ziada. Pole sana, na pole hizo uwafikishie wali. Lakini mwenzangu, mtoto ana pumu na wewe unasubiri gazeti? Mpeleke kituo cha afya leo hii, na wenzake wakatazamwe macho. Wajifunike kanga njiani, hakuna atakayewajua.

Hakuna mwiko uliovunjwa. Ni taa. Mionzi hiyo ya urujuanimno huua virusi kweli, ila huunguza macho na ngozi ya mtu pia. Hospitalini fundi huifunga juu kabisa, mwanga ukaelekea darini, au huwashwa chumba kikiwa kitupu. Ashiru ameleta dawa ya chumba, mkawapaka watoto! Izimeni, irudi ilikotoka.

Na hata ingefungwa vizuri, isingewaletea hewa. Pumzi za watu sita zinazunguka humo humo, huyu anavuta alichokohoa yule. Ng'oeni magunia pande mbili za chumba, upepo uingie huku utokee kule. Nje ya kila dirisha zungusheni ua wa nyasi mrefu kuliko mtu, usigusane na ukuta. Baridi ya huko naijua, ongezeni mablanketi.

Ila usimwendee wifi yako kwa kumsuta, maana naye anawalinda kama alivyofundishwa. Kaa naye, mwambie: "Mama Pili, mwali anafichwa asionwe na watu. Upepo hauna macho." Akikataa hata hapo, mchukue mwanao, radhi utaiomba baadaye. Na mumeo aache kuamua kwa simu. Aje asimame uani amsikie binti yake.

Mwali hutolewa kwa vigelegele. Hakikisha Ziada anatoka akiwa na pumzi ya kucheza.