Ndoo ya Mkono wa Kulia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimekuachia upate kulima. Mimi mwili uko salama, ila baridi ya huku Bulgaria imenikomesha. Nalala na soksi mbili, ungeniona ungecheka.

Uliuliza kama serikali ilinileta kusomea mifugo au kucheza na farasi. Yote mawili, Mama. Profesa wetu, mama wa makamo, anachunguza jinsi farasi wanavyofikiri. Mimi namtunza farasi jike mmoja mwenye maringo, nimempa jina Bibi Harusi. Kila asubuhi nambebea ndoo mbili zenye vifuniko. Yenye shayiri imechorwa duara, iliyo tupu imechorwa mstari, na zote tumezipaka shayiri zinuke sawa. Upande wa kuziweka Profesa ananiandikia. Kuchagua ni kazi ya farasi.

Miezi mitatu mfululizo akapatia! Profesa akasema huyu anajua kusoma michoro. Nami nikavimba kichwa.

Wiki iliyopita nikajikata kiganja cha kulia. Ndoo yenye shayiri, ndiyo nzito, nikaibeba kwa kushoto. Bibi Harusi akaiendea ile tupu niliyoishika kwa kulia, michoro hata hakuitazama. Nikaelewa palepale. Mama, wewe ulinichapa vidole utotoni nilipompa bibi yangu sahani ya chakula kwa mkono wa kushoto. Tangu siku ile chakula cha mtu, hata cha mnyama, nakipeleka kwa kulia bila kufikiri. Miezi yote hiyo farasi alikuwa ananitazama mimi ninavyokuja.

Profesa hakuwepo. Ningenyamaza, cheti ningepata, na Idi ningekula nanyi hapo Gwata. Siku mbili nikalifikiria. Kisha nikamwambia.

Hakunigombeza. Alisema, "Sisi tulimuuliza habari za duara, yeye akatujibu habari zako." Lakini kazi yote inaanza upya, nami nabaki huku mwaka mzima zaidi. Naumia, Mama, maana najua unaningoja. Wala usijilaumu kwa kunichapa.

Nisalimie Baba Mdogo na majirani wote wa shamba la kijiji.

Na wewe Dada Zuhura, unayemsomea Mama: najua pale penye mwaka mzima umeparuka. Rudi, umsomee.

Mwanao,
Hamisi