Bustani Inayonyauka kwa Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua kwenye mabati tangu alfajiri. Mtandao unapotea na kurudi. Nimemaliza kuchora majani yanayonyauka, hatua tano, kutoka kijani hadi kahawia. Ofisi ya Nairobi imeyapenda. Wanasema tangu bustani ya mchezo wetu wa simu ianze kunyauka kila dakika kumi, watu wananunua maji ya kuimwagilia kwa pesa halisi zaidi kuliko zamani. Wazo lilikuwa langu. Nimejiona mjanja siku nzima.

Mama naye anaucheza. Nilimwekea mwenyewe kwenye simu wakati wa Krismasi, ajue kazi inayonilisha huku Kapkatet. Anajigamba kwamba bustani yake haina gugu.

Jumatano, 5 Machi

Mama anakula simu ikiwa kando ya sahani. Nimemuuliza kama ananunua yale maji. Amesema kidogo tu. Kidogo ya mama naijua. Ndiyo anayotumia kwa sukari, vijiko vinne kwa kikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Mama alichuma asubuhi, akajaza gunia, akaketi kando ya shamba kungoja saa ya karani anayepima majani pale kituoni. Akafungua mchezo. Bustani ilikuwa inanyauka. Akanunua maji. Ikanyauka tena, akanunua tena. Alipoinua kichwa, karani alikuwa amefunga na lori limekwenda kiwandani.

Chai ikikaa kwenye gunia hupata joto. Tulipolifungua, majani yalikuwa mekundu. Tumeyamwaga kwenye migomba. Mama anachuma chai tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumwona akimwaga chai. Hakunitazama. Alisema tu, "Ile ya simu ilikuwa inakauka, Chebet. Ningeiacha aje?"

Nimeingia chumbani nikalia. Mtu mwingine angezima simu akaenda zake. Mkulima wa chai hawezi kuona jani likiharibika akaliacha. Nilijua hilo. Ndiyo maana nilitoa lile wazo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mama yote. Kwamba kunyauka kulitoka kichwani mwangu, na kulifika kichwani mwangu kwa kumtazama yeye. Nina aibu hadi mifupani.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuambiwa. Nimepewa kikapu. Nimechuma hadi saa saba, majani mawili na ncha kwa kila chipukizi, vidole vimekuwa vyeusi. Mama alikuwa mstari wa pili. Tulipokaribia mwisho akauliza, "Na hao wengine wanaoucheza wanajua?"

Nikasema hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano wa ofisi, mimi kwenye skrini. Nimesema kunyauka kuondolewe. Mkuu wangu ni mtu mpole, si mwizi. Amesema hakuna anayelazimishwa kununua, na maji hayo ndiyo mishahara yetu. Nikamwambia mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kumfinya mkulima, kwa kuwa nimelelewa na mmoja. Nikamsimulia habari ya gunia. Nikamwambia sitachora tena jani lililokauka.

Akasema nimpe siku chache.

Naogopa. Kazi kama hii haiokotwi barabarani. Lakini nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Alhamisi, 13 Machi

Jibu limekuja. Watajaribu mwezi mmoja. Mchezaji akiondoka, bustani inalala. Haifi, na zilizokwisha kukauka zitarudishiwa kijani chake. Watauza maua na vijumba vya kupambia bustani, bei ionekane wazi, anayetaka anunue. Mapato yakianguka tutakaa tena kikao, na najua ni nani atakayetolewa kwanza.

Sawa. Nimechora mmea uliolala, umefumba majani. Sijachora kitu kizuri hivi mwaka huu.

Jumamosi, 22 Machi

Jua kidogo. Mabadiliko ya mchezo yameingia kwenye simu jana. Tumechuma pamoja. Mama amefika kituoni mapema, majani yake yamepimwa yakiwa mabichi. Akarudi, akanawa mikono, ndipo akafungua simu. Hakuwa ameigusa tangu siku ya gunia. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta viatu.

Ameitazama bustani yake kwa muda. Ilikuwa kijani yote.

"Kumbe imeningoja," amesema.

Akaiweka simu mezani, akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe.