Bunduki ya Kaka Salimu

Mjukuu wangu Hamisi,

Salamu za Munje zikufikie huko Lamu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mamako amevuna muhogo, na macho yangu yangali yaona.

Waniuliza uipokee bunduki ya polisi wa akiba au uikatae. Nilikuwa kigori serikali ilipowapa vijana wetu bunduki walinde pwani, wakati wa vita na Wajapani. Kaka yangu Salimu alipewa moja. Adui hakutokea.

Asubuhi moja akaja jirani yetu Mzee Bakari, ambaye siku zote tuligombania naye mnazi wa mpakani. Akasema kwa upole, "Mwanangu, mnazi chukua. Ni wako."

"Mbona jana ulisema ni wako?" Salimu akamuuliza.

Mzee alikuwa akiitazama bunduki begani mwa kaka.

Salimu akaenda kuiacha kwa chifu, akarudi mikono mitupu. "Haya, mzee wangu, sasa tugombane."

Wakagombana hadi adhuhuri, na Salimu akashindwa. Tangu hapo aliichukua bunduki kwa zamu ya ulinzi tu, kisha akairudisha.

Uamuzi ni wako, mwanangu, na dua zangu ziko nawe. Mnazi ule hadi leo ni wa kina Bakari, nasi twanunua nazi kwao.

Bibi yako,
Mwanasiti