Ubao wa Basi Jipya

Jumatatu, 3 Juni

Basi jipya nimepewa mimi! Halina ngazi. Sakafu iko chini, bibi kizee anaingia kama anaingia chumbani kwake. Ukibonyeza kitufe, basi lenyewe linainama upande wa mlango. Kuna na ubao wa kukunjua, wa watu wa viti vya magurudumu — huo dereva anashuka kuufungua kwa mkono. Wenzangu wananicheka, eti ubao utanichelewesha. Nani, mimi? Bure wananiita Bwana Saa?

Alhamisi, 6 Juni

Kituo cha sokoni, dada mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Fundi cherehani. Furaha tele — kapata kazi duka la nguo mjini, aliiomba aliposikia mabasi haya yanakuja. Basi limejaa, muda umekwisha. Nikamwambia ubao umekwama. Uongo mtupu! Akasema pole kaka, wanakupa gari bovu halafu lawama zako. Pole. Mimi!

Jumatatu, 10 Juni

Ijumaa nikamwambia umekwama. Leo tena, umekwama. Ningefanyaje? Njia ya mwongo fupi, lakini yangu inazidi kurefuka. Nimemwona yule dada kwenye kioo akingoja basi la nyuma, lile la zamani la ngazi, wanaume wambebe mzobemzobe. Sikula mchana.

Jumatano, 12 Juni

Yule dada kaenda karakana! Kajisukuma mwenyewe mpaka kule, kunitetea. Eti dereva wangu mtu mwema, mtengenezeeni ubao wake. Fundi wa karakana akaja na nyundo na grisi. Akaufungua kwa mkono mmoja. Akaufunga. Akanitazama. "Haya, Bwana Saa, umepona." Basi, akaondoka. Bora angenitukana.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimeshuka, nimekunjua ubao, kapanda. "Wamekutengenezea!" Nikasema ndiyo. Nikasema NDIYO. Akawaambia abiria wanipigie makofi, na wakapiga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamuuliza kazi inaendaje. Anaenda kuchukua mkasi wake tu. Wamemwachisha kazi juzi, kwa kuchelewa. Si kosa lako kaka, anasema. Kumbe jana anahangaika karakana, hana hata kazi!

Hakuishia hapo. Tulipofika mwisho wa njia akatoa utepe, akaniambia niiname anipime mabega. Sasa ana nafasi, atanishonea shati. Nikainama kama mbuzi anayepimwa sokoni. Mdomo wote huu wa kugombana na makondakta ulikuwa wapi?

Jumatano, 19 Juni

Shati limefika. Limenikaa sawasawa, hata mabegani, ambako mashati yote hunibana. Mama watoto kageuza kola, kakagua mishono, kasifu. Fundi kama huyu si wa kuachia. Kiasi gani? Nikasema bure. Bure! Akacheka. Akauliza nimemfanyia wema gani mtu wa watu mpaka anishonee shati bure.

Nikamwambia ngoja nimalize kuandika.

Amekaa kitandani, shati liko mapajani mwake. Anangoja.